Chatsworth na Ukoo wa Cavendish: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Aliyesoma historia katika shule ya sekondari nchini Kenya amekutana na jina Devonshire, kwa sababu ya waraka wa mwaka 1923 uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia katika koloni lile. Wengi wetu tulilikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani bila kuuliza huyo Devonshire alikuwa nani, alitoka katika ukoo upi, na aliporudi kwake alirudi wapi. Alirudi Chatsworth. Majibu yafuatayo yanahusu nyumba hiyo na watu walioimiliki, na ndani yake kuna jambo moja linalojirudia, nalo ni jinsi nyumba kubwa kiasi hicho ilivyoweza kubaki mikononi mwa ukoo mmoja tangu mwaka 1549. Kwa maoni yangu haikubaki kwa sababu ya utajiri peke yake. Ilibaki kwa sababu karibu kila kizazi kilikubali kupoteza kitu kingine ili nyumba isiende.

Chatsworth ni nyumba ya namna gani, na iko wapi?

Ni jumba la mawe lililo katika bonde la mto Derwent, mkoani Derbyshire, katikati ya Uingereza, karibu na mji mdogo wa Bakewell. Majumba ya namna hii huitwa majumba ya shambani, lakini msomaji asidhani ni makazi ya mkulima. Ni makao ya kabaila, yaliyojengwa katikati ya ardhi yake ili apate kukusanya kodi za wapangaji wake, kuwinda, kukaribisha wakubwa wenzake na kudhihirisha cheo chake. Bustani peke yake ina eka 105, na malisho yanayoizunguka, ambamo kondoo na kulungu hula majani, yana eka zipatazo 1,000. Fremu za madirisha ya upande wa kusini na wa magharibi zimepakwa dhahabu halisi, hivyo jua la alasiri likizipiga, mng'ao wake huonekana hata na aliye ng'ambo ya mto.

Kwa nini wenye nyumba huitwa "wa Devonshire" ilhali wanaishi Derbyshire?

Jina la ukoo ni Cavendish, na Devonshire ni jina la cheo tu. William Cavendish alipewa cheo cha Earl wa Devonshire mwaka 1618, na kitukuu chake akapandishwa mwaka 1694 kuwa Duke, ambacho ndicho cheo cha juu kabisa cha umwinyi wa Uingereza nje ya ukoo wa kifalme. Eneo la Devon liko mbali sana, kusini magharibi mwa nchi, wala si huko ukoo ulikokuwa na makao yake. Cheo hurithiwa na mwana mkubwa wa kiume, na asipokuwapo huenda kwa ndugu wa kiume wa karibu zaidi, ndiyo maana utaona hapa chini mara mbili kwamba nyumba iliangukia kwa jamaa wa pembeni baada ya Duke kufariki bila mtoto.

Nani aliyeianzisha Chatsworth?

Mwanamke. Elizabeth Hardwick, anayejulikana zaidi kama Bess wa Hardwick, alizaliwa takriban mwaka 1527 katika familia ya Derbyshire yenye heshima lakini isiyo na mali nyingi. Aliolewa mara nne na kila mara akawa mjane, na kila ndoa ilimwinua ngazi moja juu ya ile iliyotangulia. Wapo waliomwita mwanamke mwenye tamaa. Mimi naona kwamba katika nchi ambayo mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali yake mwenyewe mbele ya sheria, Bess alijifunza mapema kusoma mikataba ya ndoa na ya mirathi kwa makini kuliko wanaume wengi wa zama zake.

Mume wa kwanza alikufa akiwa kijana. Wa pili, Sir William Cavendish, alikuwa ofisa wa idara ya kifalme iliyosimamia mali za monasteri zilizofungwa na Mfalme Henry VIII, na katika kazi hiyo alijipatia ardhi nyingi. Bess alimshawishi auze mashamba yake ya kusini na kununua katika mkoa alikozaliwa yeye. Mwaka 1549 walinunua Chatsworth kwa pauni 600, na mwaka 1552 wakaanza kujenga. Sir William alifariki mwaka 1557 akiiacha kazi haijakamilika na akimwachia mkewe watoto wadogo, lakini Bess aliendelea na ujenzi. Mume wa tatu, Sir William St Loe, alimwachia karibu kila kitu alichokuwa nacho, jambo lililowakasirisha sana ndugu zake. Wa nne alikuwa George Talbot, Earl wa Shrewsbury, mmoja wa watu matajiri kabisa nchini. Na ili mali zisitawanyike, wanawe wawili Bess walioana na watoto wawili wa Shrewsbury.

Baadaye alipofarakana na mumewe huyo, alirudi alikozaliwa na, akiwa na zaidi ya miaka 60, akaanza kujenga Hardwick Hall, iliyokamilika mwaka 1597. Juu ya minara yake aliweka herufi E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, zilizochongwa kwa mawe na kubwa kiasi cha kusomeka kutoka mbali. Alifariki mwaka 1608. Mwanawe William ndiye yule aliyepewa cheo cha Earl mwaka 1618.

Je, ni kweli kwamba Malkia Mary wa Uskoti alifungwa hapa?

Ni kweli, ingawa hakuwa katika shimo la gereza. Mary alikimbilia Uingereza mwaka 1568 baada ya kuondolewa katika kiti chake, na binamu yake Malkia Elizabeth I akaamua kumweka kizuizini. Earl wa Shrewsbury alikabidhiwa kazi ya kumlinda kuanzia mwaka 1569 hadi 1584, na katika miaka hiyo alimhamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine, Chatsworth ikiwa mojawapo, mara kadhaa. Mary alikuwa na wahudumu wake, alipewa heshima za kimalkia, na kwa muda mrefu yeye na Bess walikaa pamoja wakitarizi. Lakini gharama za kumtunza zilimwelemea Shrewsbury, kwa kuwa fedha za serikali hazikutosha, na mashaka na minong'ono iliyoizunguka kazi ile ilichangia kuivunja ndoa yake na Bess.

Nyumba aliyoijenga Bess iko wapi leo?

Imo ndani ya hii ya sasa, kwa maana ya mpangilio, lakini kuta zake hazionekani tena. Kilichobaki wazi zaidi cha zama zake ni mnara wa wawindaji ulio juu ya kilima nyuma ya nyumba.

Aliyeibomoa ni kitukuu wa Earl wa kwanza, yule aliyekuja kuwa Duke wa kwanza. Alikuwa mtu mkali, adui wa Mfalme James II. Alimpiga ofisa mmoja katika jumba la mfalme na akatozwa faini ya pauni 30,000, kiasi cha kutisha kwa wakati ule, kisha akajitenga Derbyshire. Huko mwaka 1687 alianza kujenga upya upande wa kusini, akikusudia kuishia hapo, lakini akanogewa na kazi ya ujenzi. Upande wa mashariki ukafuata, halafu wa magharibi, na mwisho wa kaskazini, uliomalizika mwaka 1707, mwaka aliofariki. Kwa kuwa alibomoa na kujenga upande mmoja baada ya mwingine, uwanja wa ndani wa nyumba ya Bess ulibaki mahali pake, na vyumba vikubwa vya heshima vikabaki ghorofa ya juu kama ilivyokuwa desturi ya zamani, wakati mtindo mpya ulikuwa umekwisha kuvishusha chini.

Mwaka 1688 alikuwa mmoja wa wakubwa saba waliotia sahihi barua ya siri ya kumwita William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, aje Uingereza na jeshi lake. William alifanikiwa, akawa mfalme, na cheo cha Duke kilikuwa shukrani yake. Vyumba vya heshima vilitayarishwa kwa matarajio kwamba mfalme huyo na mkewe Mary wangekuja kulala, kuta zikachorwa, dari zikajazwa miungu ya Kirumi. Hawakuja hata mara moja.

Ndani ya nyumba, ni kitu gani ambacho mgeni asiache kukitazama?

Watu wengi watakutajia ukumbi mkubwa wa mlangoni, ambao mchoraji Louis Laguerre aliupamba kwa matukio ya maisha ya Julius Caesar kuanzia kuta hadi dari. Mimi nitakutajia mlango.

Katika chumba cha muziki ghorofa ya juu kuna milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele ukiachwa nusu wazi, unaona kwa ndani, katika kiza kidogo, fidla na upinde wake vikining'inia kwenye kishikizo cha fedha. Mbao za fidla zinang'aa kidogo pale mwanga unapoziangukia, nyuzi zinaonekana zimekazwa, na kivuli cha chombo kinalala juu ya mlango kama kivuli kinavyopaswa kulala. Mkono unataka kwenda kuichukua. Lakini hakuna fidla. Ni rangi tu, iliyopakwa juu ya ubao bapa na Jan van der Vaardt takriban mwaka 1723. Kishikizo peke yake ndicho halisi. Mlango huo haukuchorwa kwa ajili ya Chatsworth. Ulikuwa katika nyumba ya ukoo jijini London na ukahamishwa huku katika karne ya 19. Nyumba ile ya London, kama utakavyoona, haipo tena.

Fedha za haya yote zilitoka wapi?

Kwanza zilitoka kwenye ardhi, yaani kodi iliyolipwa mwaka hadi mwaka na wakulima wapangaji, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya monasteri zilizonyang'anywa. Pili zilitoka chini ya ardhi: milima ya Derbyshire ina madini ya risasi, na katika karne ya 18 machimbo ya shaba ya Ecton, katika mkoa jirani wa Staffordshire, yaliuingizia ukoo faida kubwa sana. Tatu zilitoka ng'ambo, kwani Earl wa kwanza alikuwa mwekezaji katika makampuni ya biashara na ya makoloni, na hadi leo wilaya moja ya kisiwa cha Bermuda inaitwa Devonshire kwa ajili yake.

Nne, na hii isipuuzwe, zilitoka kwenye ndoa. Duke wa nne, ambaye pia alikuwa Waziri Mkuu kwa miezi michache ya miaka 1756 na 1757, alimwoa mwaka 1748 Charlotte Boyle, binti na mrithi wa Lord Burlington. Kwa ndoa hiyo moja ukoo ulipata Chiswick House na Burlington House za London, Bolton Abbey na Londesborough za Yorkshire, na ngome ya Lismore nchini Ireland.

Ni kweli kijiji kizima kilihamishwa ili mandhari ipendeze?

Kijiji cha Edensor, ndiyo. Duke wa nne alimwita mtaalamu wa mandhari Lancelot Brown, maarufu kwa jina la Capability, aondoe bustani za mistari iliyonyooka na kuufanya uwanda uonekane wa asili, ingawa kila mteremko ulikuwa umechongwa kwa majembe. Nyumba za wanakijiji zilizoonekana kutoka madirishani zikaanza kuondolewa. Kazi ilikamilishwa na Duke wa sita kati ya mwaka 1838 na 1842, Edensor mpya ilipojengwa nyuma ya mwinuko, kila nyumba kwa mtindo wake, na imara kuliko zile za zamani. Wakazi walipata makazi bora, hilo nalikubali, lakini walihamishwa kwa sababu mtu mmoja hakutaka kuwaona akiwa dirishani kwake, na jambo hilo lazima lisemwe wazi kabla ya kuusifu uzuri wa bonde lile. Nyumba moja ya kijiji cha zamani ingali imesimama peke yake kwenye malisho.

Georgiana alikuwa nani?

Georgiana Spencer, wa ukoo uleule wa Spencer aliotoka Diana aliyekuwa mke wa Mfalme Charles, aliolewa na Duke wa tano mwaka 1774 akiwa na umri wa miaka 17. Alikuwa kiongozi wa mitindo ya London, na mwaka 1784 aliingia mitaani kumpigia kampeni mwanasiasa Charles James Fox, jambo ambalo mwanamke wa cheo chake hakutarajiwa kulifanya. Kamari ilimwingiza katika madeni makubwa ambayo kiasi chake kamili alimficha mumewe hadi alipofariki mwaka 1806, na kwa miaka mingi aliishi nyumba moja na Lady Elizabeth Foster, rafiki yake wa karibu aliyekuwa pia hawara wa Duke. Mwana wa Georgiana ndiye Duke wa sita.

Joseph Paxton alikuwa nani, na kwa nini jina lake hutajwa kila mara?

Kwa sababu mtoto wa mkulima ndiye aliyeipa Chatsworth sura yake ya bustani kuliko Duke yeyote. Duke wa sita, ambaye hakuoa, alimkuta kijana huyo akifanya kazi katika bustani ya chama cha wakulima wa maua na matunda huko Chiswick, na mwaka 1826 akampa kazi ya mtunza bustani mkuu akiwa na umri wa miaka 22. Paxton mwenyewe alieleza siku yake ya kwanza: alifika saa kumi na nusu alfajiri, akapanda juu ya lango kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumfungulia, akaizunguka bustani yote, akawapangia watu kazi saa kumi na mbili, akaonyeshwa jinsi maji yanavyorushwa, kisha akaenda kustaftahi kwa msimamizi wa nyumba, ambako alimpenda mpwa wake msimamizi, Sarah Bown, na Sarah akampenda yeye. Saa tatu asubuhi ilikuwa haijafika. Walioana mwaka uliofuata.

Kati ya mwaka 1836 na 1840 alijenga kitalu nyumba cha vioo chenye urefu wa mita 84, upana wa mita 37 na kimo cha mita 20, kikipashwa joto kwa matanuri manane na mabomba ya maji ya moto yenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Makaa yaliletwa kwa njia ya chini ya ardhi ili moshi na mikokoteni visionekane. Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1843, alipita ndani yake akiwa kwenye gari la farasi. Mwaka 1849 Paxton alifanikiwa kuchanusha yungiyungi mkubwa wa Amazoni, kwa mara ya kwanza nchini Uingereza. Akamsimamisha bintiye mdogo juu ya jani, na jani likamhimili. Aliitazama mishipa ya chini ya jani lile jinsi ilivyogawana uzito, na hesabu hiyo ilimsaidia kubuni jumba kubwa la vioo la maonyesho ya London ya mwaka 1851, lililompatia cheo cha Sir.

Maji ya bustani hurushwaje bila injini?

Kwa mteremko peke yake. Juu ya kilima, nyuma ya nyumba, kuna maziwa yaliyochimbwa kukusanya maji ya nyikani, na maji hayo hushuka kwa mabomba kwa nguvu inayotokana na kimo. Mwaka 1844 Tsar Nicholas I wa Urusi alitarajiwa kufika, na Duke wa sita akamtaka Paxton amtengenezee mgeni huyo bubujiko lipitalo yote. Ziwa jipya la eka 8 lilichimbwa kwa muda wa miezi sita, kazi ikiendelea hata usiku kwa mwanga wa taa, na maji yakaruka hadi mita 90 angani. Tsar hakufika, kama vile Mfalme William alivyokuwa hakufika.

Ngazi za maji zilizo upande wa mashariki ni za zamani zaidi, kuanzia mwaka 1696. Zina makundi 24 ya vidato, na kila kundi limechongwa kwa namna tofauti kidogo na jingine, ili sauti ya maji ibadilike unapotembea kando yake: hapa yanapigapiga, pale yananong'ona, mbele kidogo yananguruma.

Je, ndizi ziitwazo Cavendish zina uhusiano na ukoo huu?

Zimeitwa kwa jina lao. Takriban mwaka 1830 Paxton alijipatia mche wa mgomba mfupi uliofika Uingereza kupitia Mauritius, ingawa asili yake ilikuwa kusini mwa China. Aliupanda kwenye udongo mzito uliochanganywa na samadi, akautunza kwenye joto, na Novemba 1835 ukachanua, kisha ukazaa mkungu wenye ndizi zaidi ya 100. Mwaka uliofuata alipata medali kwa ndizi hizo, na mgomba ukaitwa kwa jina la ukoo wa tajiri wake. Mmisionari John Williams alichukua miche kutoka Chatsworth na kuipeleka Samoa, na kutoka huko ikaenea visiwa vingine vya Pasifiki.

Hata hivyo isisemwe, kama nilivyowahi kusikia, kwamba ndizi zililetwa kwetu na Waingereza. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alizikuta, na matoke ya Uganda na ndizi za Wahaya na Wachaga ni za jamii nyingine kabisa. Cavendish ilipata umaarufu katikati ya karne ya 20, pale ugonjwa wa mnyauko ulipoangamiza aina ya Gros Michel iliyokuwa ikitawala biashara ya dunia. Leo karibu ndizi zote zinazosafirishwa kimataifa ni za kundi la Cavendish, na mkulima wa Murang'a au Meru anayepanda Williams au Grand Nain anapanda jamii ya mgomba uliozaa ndani ya kitalu cha Paxton.

Je, Duke wa Waraka wa Devonshire wa 1923 ndiye mwenye nyumba hii?

Ndiye. Victor Cavendish, Duke wa tisa, alirithi Chatsworth mwaka 1908 kutoka kwa baba yake mkubwa aliyefariki bila mtoto. Alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia mwaka 1916 hadi 1921, na Oktoba 1922 akateuliwa Waziri wa Makoloni, wadhifa alioushika hadi Januari 1924.

Alilikuta suala la Kenya likiwaka. Wahindi, waliokuwa wengi kuliko Wazungu, walidai haki sawa ya kupiga kura na ruhusa ya kumiliki mashamba katika nyanda za juu. Walowezi wa Kizungu walikataa kwa ukali, na baadhi yao wakapanga kwa siri kumteka gavana iwapo London ingekubali madai hayo. Waraka uliotolewa Julai 1923 ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, kwamba maslahi yao lazima yatangulie, na kwamba yakigongana na ya wahamiaji, ya Waafrika ndiyo yashinde.

Msomaji aangalie kilichofuata katika kurasa zilezile. Nyanda za juu zilibaki zimetengwa kwa Wazungu. Katika Baraza la Kutunga Sheria Wazungu walichagua wajumbe 11, Wahindi 5 na Waarabu 1, na Waafrika, ambao maslahi yao yalitangazwa kuwa makuu, wakawakilishwa na mmisionari wa Kizungu aliyeteuliwa. Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Hata hivyo tamko lile lilizuia walowezi wasijitawale kama wenzao wa Rhodesia ya Kusini walivyofanya mwaka uleule, na wanasiasa wa Kiafrika walilishika na kulirudia mbele ya serikali kwa miaka 40. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaolisifu kama zawadi, wala na wanaoliona karatasi tupu.

Uhusiano haukuishia hapo. Dorothy, binti yake Victor, aliolewa na Harold Macmillan, Waziri Mkuu aliyezungumzia upepo wa mabadiliko barani Afrika mwaka 1960, na mjukuu wake Victor, Andrew, Duke wa kumi na moja, alikuwa katika wizara ya uhusiano na nchi za Jumuiya ya Madola kuanzia mwaka huo hadi 1964, miaka ambayo Tanganyika, Uganda, Zanzibar na Kenya zilipata uhuru.

Kodi ya mirathi iliiathiri vipi Chatsworth?

Ilikaribia kuimaliza, mara mbili. Duke wa sita alikuwa ameacha madeni makubwa ingawa alikwisha kuuza Londesborough mwaka 1845, na Duke wa saba, msomi wa hisabati aliyegharimia maabara ya Cavendish ya Cambridge, alipoteza fedha nyingi katika viwanda vya mji wa Barrow. Mwaka 1908 ikaja kodi ya mirathi ya zaidi ya pauni 500,000. Victor aliuza vitabu vya kale vilivyochapishwa na Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza, pamoja na matoleo ya awali ya tamthilia za Shakespeare, ambavyo vilikwenda Marekani mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliuza Devonshire House, nyumba ya London ulikotoka ule mlango wa fidla, nayo ikabomolewa mwaka 1924. Kitalu kikubwa cha Paxton kilikuwa kimekosa makaa wakati wa vita na mimea yake ikafa kwa baridi. Mwaka 1920 kikalipuliwa kwa baruti, na haikutosha kulipua mara moja, kwa jinsi kilivyojengwa imara. Nimelihuzunikia jengo hilo ingawa sikuzaliwa wakati lilipoanguka. Kuta zake za msingi zingalipo, na ndani yake mwaka 1962 ilipandwa njia ya mzunguko ya vichaka ambamo watoto hupotea na kucheka.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Duke wa kumi alihamishia mali kwa mrithi wake ili isikatwe kodi, sharti likiwa kwamba aishi miaka mitano baada ya kuihamisha. Alifariki ghafla Novemba 1950, akipasua kuni, zikiwa zimebaki wiki chache tu. Kodi ilikuwa asilimia 80 ya thamani ya kila kitu. Mazungumzo na serikali yalichukua miaka 17, riba ikiongezeka. Hardwick Hall, nyumba ya Bess, ilikabidhiwa serikali na mwaka 1959 ikawa chini ya shirika la National Trust. Maelfu mengi ya eka yaliuzwa. Daftari la michoro la Claude Lorrain, mchoro wa Holbein wa Henry VIII na kitabu cha baraka cha Mtakatifu Æthelwold cha karne ya 10 vilikwenda kwenye makumbusho na maktaba za taifa.

Kwa nini dada yake Rais Kennedy amezikwa Edensor?

Mrithi aliyetarajiwa hakuwa Andrew bali kaka yake, William, aliyemwoa Kathleen Kennedy Mei 1944, licha ya upinzani mkubwa kwa kuwa yeye alikuwa Mprotestanti na bibi harusi Mkatoliki. Septemba mwaka huohuo William aliuawa vitani nchini Ubelgiji. Kathleen alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1948, na wakwe zake wakamzika kwao. Juni 1963, miezi mitano kabla ya kuuawa, John F. Kennedy alifika kijijini na kusimama kwenye kaburi la dada yake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyumba ilitumiwaje?

Duke wa kumi aliona heri wasichana kuliko wanajeshi, akakaribisha shule ya Penrhos kutoka Wales. Wasichana wapatao 300 pamoja na walimu wao walikaa kuanzia mwaka 1939 hadi 1946, wakilala kwa safu katika vyumba vilivyotayarishwa kwa ajili ya Mfalme William.

Nani anamiliki nyumba leo?

Andrew na mkewe Deborah walihamia mwaka 1959, baada ya nyumba kukaa miaka 20 bila mwenyewe kuishi ndani yake. Deborah ndiye aliyefungua duka la mazao ya shambani na uwanja ambako watoto wa mjini huona ng'ombe akikamuliwa, mambo yaliyochekwa na wakubwa wenzake na ambayo yaliokoa bajeti. Mwaka 1981 nyumba na bustani vilikodishwa kwa muda mrefu kwa mfuko wa hisani, Chatsworth House Trust, ambao mtaji wake ulitokana na kuuza vitu vya sanaa, ukiwemo mchoro wa Poussin. Tangu hapo ukoo huishi katika sehemu ya nyumba kwa kulipa pango. Duke wa kumi na mbili, Peregrine, alisimamia ukarabati mkubwa uliogharimu zaidi ya pauni milioni 32 na kukamilika mwaka 2018.

Watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia tangu lini?

Wageni wenye heshima zao walionyeshwa nyumba tangu ilipojengwa. Mwaka 1849 reli ilifika Rowsley, umbali wa kilomita chache, na katika kiangazi kimoja wakaja watu 80,000, wengi wao wafanyakazi wa viwandani waliokuwa na siku moja tu ya mapumziko. Duke wa sita hakufunga malango. Aliagiza kwamba maji yafunguliwe kwa kila mgeni anayefika, bila kubagua, na hata mtu aliyekuja peke yake kwa miguu alifunguliwa mabubujiko yaleyale yaliyotengenezwa kwa ajili ya wafalme.